Usingizi wa Bi Time

Raya kanitangulia, na hata kwa hilo nimemwonea wivu. Ameondoka mwezi wa Shaabani, nyumbani kwake Madungu, juu ya kitanda chake mwenyewe, wajukuu wamejaa mpaka ukumbini, na mazishini walikuja watu kutoka Wete na Konde, kila mmoja akisema kuwa mama yake, au mkewe, alikandwa na Bi Raya. Mimi nilifika kutoka Wawi nimechelewa, goti linaniuma, nikapishwa nikakae kichwani pa kitanda kama ndugu wa maiti. "Mpisheni Bi Riziki," walisema, "mwenziwe huyo." Mwenziwe! Nilikaa, nikainua macho, nikaiona ile karatasi ukutani, ndani ya kioo, imegeuka rangi ya chai ya maziwa, lakini muhuri wake ungali unaonekana. Leseni ya kukanda. Mjukuu wake mmoja, mtoto wa kike mwenye adabu zake, aliona ninavyoitazama, akaniuliza kwa upole yangu mimi nimeiweka wapi. Nikamwambia mimi sikupata. Akatabasamu akidhani natania, maana tangu alipopata akili amekuwa akisikia jina langu likitajwa pamoja na la bibi yake kila yanapozungumzwa mambo ya kukanda. Sikumweleza zaidi. Mbele ya maiti si mahali pa maelezo kama hayo, kwa hivyo ninamweleza hapa.

Mwaka wa leseni hiyo ulikuwa katika vita vya Hitla, pale mchele wa Burma ulipokatika na Pemba nzima, mwenye mashamba na asiye nayo, ikawa inakula muhogo. Nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa, ndiyo kwanza nimerudi kutoka Konde nilikopelekwa kujifunza. Mama yangu, Bi Time, ndiye aliyekuwa mkandaji wa Madungu. Mwanamke akishazaa na mkunga akishamaliza yake, huitwa mkandaji. Yeye huchemsha maji na majani, humkanda mzazi kwa kitambaa cha moto, kisha humchua kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, akammalizia kwa kumfunga mkaja tumboni, na hivyo kila siku mpaka arubaini itoke. Mama aliitwa kote, kwenye vibanda vya makuti na kwenye majumba ya Waarabu wa Wawi, na waume walimtuma mtu kumwita kabla hawajamtazama mtoto. Utauliza basi kwa nini binti wa mkandaji bora wa Chake akafundishwe Konde. Ni kwa sababu kazi hii hufundishwa juu ya mwili wa mwalimu. Mwari humkanda mwalimu wake, mapaja na tumbo, mpaka mikono yake ijue, na kwetu binti hamkandi mama yake. Haya haziruhusu. Mtoto hawi na la kufanya penye tumbo alilotokea. Kwa hivyo wakandaji walikuwa wakibadilishana mabinti. Mama yangu alimchukua Raya, binti wa Bi Mize wa Konde, na Bi Mize akanichukua mimi.

Bi Mize alikuwa mtu mwema mwenye sauti ya kuitia watu waliovuka bonde. Alitafuna tambuu toka asubuhi, na alifundisha kwa kunipiga makofi mikononi. "Sivyo! Unakanda mtu au unakanda unga?" Mikono yangu ilivimba, kisha ikazoea, kisha ikawa na nguvu, na siku aliyoniambia kuwa hana tena la kunipa nilipanda gari la abiria kurudi Madungu nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena safarini. Nilikuwa nimeufikiria mlango wetu, na mama akitoka. Aliyetoka ni Raya. Alikuwa amevaa kanga ya mama, ile ya rangi ya zambarau ambayo mimi niliwahi kuombwa niikunje vizuri lakini sikuwahi kuombwa niivae, na mkononi ana kata anachota maji kwenye mtungi wetu. Akanikaribisha! Kwetu! "Karibu, Riziki, karibu ndani, Mama yuko kwa mzazi, atarudi sasa hivi." Alimwita Mama. Sikuitikia hata salamu yake sawasawa. Nilidhani atafunga mzigo wake kesho yake arudi kwa mama yake, kwa kuwa mapatano ndiyo hayo, lakini mama aliporudi alivua buibui, akanikumbatia, akanishika viganja akavipindua mara moja, akasema, "Bi Mize kafanya kazi," kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kuwa Raya atakaa kidogo, hajamaliza.

Hajamaliza! Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na kiambaza baina yao kilikuwa kimeliwa na mchwa hata udongo umedondoka penye fito. Mimi nililala chumba cha nje. Kila alasiri mama na Raya waliingia chumba cha ndani na beseni la maji ya moto, wakafunga mlango, nami nikabaki na kazi ya kupepeta au ya kupaa samaki, na masikio yangu yote yako kwenye kiambaza. Nawaambia kweli, ukandaji wa mama yangu niliujulia ukutani. Niliisikia harufu ya karafuu ikitoka kwenye matundu, na sauti ya mama ambayo sikuijua kuwa anayo, sauti ya chini, isiyo na haraka. "Hapo, mama'ngu. Usisukume. Ngojea nyama ikuitikie." Mama'ngu! Mimi aliniita Riziki, au weye, au, akighadhibika, binti wa babako. Siku moja nilimsikia akimfundisha namna ya kumjua mtu aliyelala. Alikuwa amelala chali, Raya anamkanda, na Raya akasema, "Umelala, Mama?" Mama akacheka. "Macho n'mefumba, ndiyo. Ukitaka kumjua aliyelala usitazame macho, wala usisikize koromo, mtu hukoroma akitaka. Tazama vidole vya miguu. Mtu aliye macho vidole vyake husimama. Akishalala kikweli huanguka kando, kila mguu upande wake. Na hapana awezaye kuviangusha kwa kusudi, akavituliza vivyo, ati. Jaribu weye uone." Usiku huo nilijaribu kitandani mwangu, na ni kweli, kila nilipoviachia vilinigeukia vyenyewe, vikasimama. "Na aliyelala mikononi mwako," mama alimaliza, "huyo ndiye aliyekupa mkono. Mengine yote ni maneno." Raya akauliza, "Na weye, utanilalia lini?" Sikusikia jibu, kwa sababu maji yalimwagwa.

Chakula kilikuwa kibaya zaidi. Tulikula sinia moja, muhogo wa nazi na samaki akipatikana, na kwa desturi ya nyumba yetu shavu la samaki lilikuwa langu. Hapana aliyewahi kulitangaza, lilikuwa langu tu, tangu nina meno. Siku ya kwanza ya samaki changu tuliyempata baada ya kurudi kwangu, mama alikitenga kichwa, akalichomoa shavu kwa vidole viwili, akamwekea Raya upande wake. "Mgeni huyu," aliniambia alipoona nimesimamisha tonge. Mgeni gani anayejua chumvi imewekwa wapi? Na Raya hakukataa, alilila taratibu, akilamba kidole, akaniambia hata samaki wa Madungu ni watamu kuliko wa kwao. Niliondoka siniani nikasema nimeshiba. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimekula pilau za harusi nyingi na mashavu ya samaki wakubwa, lakini lile ningali ninalitaka.

Ikaja amri. Sheha wetu alipita nyumba kwa nyumba kuieleza, maana ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili cha ofisini na watu hawakuielewa. Serikali ilikuwa imesikia kuwa kuna wazazi wanaoumizwa kwa kukandwa vibaya, na kwa hiyo tangu sasa mtu hatapokea ujira wa kukanda wala kuchua ila awe na leseni. Wakongwe kama mama wataachwa na kazi yao mpaka watakapochoka wenyewe, lakini hawaruhusiwi kufunda mwari mpya, na vijana wote watakwenda hospitali Chake wakatazamwe na nesi. Na Madungu itapewa leseni moja, kwa kuwa mji wenyewe si mkubwa. Bi mmoja, jirani yetu, alicheka mpaka akakaa chini. "Lo! Na kumkuna mtu mgongo, tutaomba leseni?" Wengine walikasirika, wakauliza Mzungu ameingiaje chini ya mkaja. Mimi sikucheka wala sikukasirika. Nilihisi nimefunguliwa mlango. Kwa mila, mkono wa mama yangu usingenifikia kamwe, ungemfikia Raya, na nyumba zote alizozizoea mama zingemwita Raya siku ambayo mama hataweza tena kutembea. Serikali haikujua mila. Mwenye leseni ya Madungu ndiye atakayeingia nyumba za mama, awe amefundwa na nani, na hapakuwa na sababu mwenye leseni hiyo asiwe mimi.

Nilimwambia Raya waziwazi, tukiwa jikoni, yeye anakuna nazi. "Kwenu ni Konde. Watu wa Konde watatazamwa Wete. Nenda kakande kwenu." Hakuacha kukuna. "Kwetu ni Konde," alisema, "lakini mkono wangu umetoka hapa. Nkenda Konde n'tamkanda nani, na mkono si wa huko? Watu wa Konde wanauzoea mkono wa mamangu. Weye ndiye mwenye mkono wa Konde, Riziki." Neno hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa sahihi. Nilimwendea mama, nikamtaka aseme mmoja wetu ajitoe. Mama alikuwa akishona mkaja uliokatika. Alishona mpaka mwisho wa uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Nendeni nyote. Atakayepewa kapewa." Nilimngojea aniangalie. Hakuniangalia.

Kila msichana aliambiwa aje na mwanamke wa kumkanda mbele ya nesi. Mila ilikwisha kutuamulia, kila mwari huenda na mwalimu wake. Raya alikwenda na mama yangu, na mimi nilimtumia salamu Bi Mize, naye akaja kwa gari la asubuhi kutoka Konde, mdomo mwekundu kwa tambuu, akijisifu njia nzima ya kwenda hospitali kuwa leo Serikali itamlaza kwenye shuka nyeupe. Tulikuwa wanne, tumefunika buibui, mama wawili mbele na mabinti wawili nyuma, na kila binti yuko nyuma ya mama ambaye si wake. Nikikumbuka sasa naona kichekesho. Siku hiyo nilikuwa naona mgongo wa mama tu, na mkono wa Raya ulioushika mfuko wake wa mafuta.

Chumba chenyewe kilikuwa cheupe, kinanuka dawa ya kusafishia, kina kitanda cha chuma kirefu kwenda juu, na chini ya dirisha kuna bao la kukalia wanaongoja. Daktari alikuwa nyuma ya pazia, ametupa mgongo kwa heshima, tunaona viatu vyake tu. Nesi alikuwa Mhindi wa Unguja, mwanamke mzima mwenye miwani, Kiswahili chake cha mjini, safi, kila neno mahali pake. Alitusalimia vizuri, akamshika Bi Mize mkono, akamwambia atupe tambuu nje. Kisha akatutazama, akauliza nani kaja na nani. Tukamwambia. "Vizuri," alisema. "Sasa mtabadilishana. Wewe utamkanda mama aliyekuja na mwenzako, na mwenzako atamkanda aliyekuja nawe. Mtu akikandwa na aliyemzoea atamfichia makosa yake. Sitaki mapendeleo humu."

Hakujua. Angejuaje? Alikuwa mgeni Pemba, kwa macho yake tulikuwa wasichana wawili wa kienyeji na wazee wawili wa kienyeji. Akabadilisha, na kwa kubadilisha akampa kila binti mama yake mzazi. Bi Mize alifungua mdomo, akaufunga. Raya aliinamisha kichwa. Neno moja lingetosha, mama angesema tu, "Huyu mwanangu, Bibi Nesi, haijuzu," na nesi, ambaye hakuwa mtu mbaya, angeacha. Nilimtazama mama. Alivua buibui, akalikunja mara mbili, akapanda kitandani kwa taabu, akalala chali, akajifunika kanga mpaka kifuani.

Nikaanza mabegani. Nilikuwa sijawahi kuligusa bega la mama yangu isipokuwa kwa kuegemea, na nilidhani litakuwa laini. Lilikuwa gumu, limejikaza kwa miaka ya kuwabeba watu, na mkono wangu wa Konde ukaingia kwa nguvu zake zote. Nesi alisimama kando na kuuliza, "Mama, hapo panauma?" Mama akajibu, "Hapaumi." Nikashuka mikononi, nikarudi kifuani, nikasikia maneno yaliyotoka kwenye kiambaza, usisukume, ngojea nyama ikuitikie, na bila ya kupanga nikaacha kusukuma. Nikapitisha mikono chini ya kiuno chake. Hapo ndipo nilipomfahamu mama yangu, kama mtu anavyofahamiwa kwa viganja. Kiuno kilichonibeba kilikuwa chembamba, na kilikuwa kimechoka, kimechoka kupita alivyowahi kutuambia, nami nilikikanda kwa mapenzi na kwa hasira pamoja, nikisema moyoni, huyu wangu, huyu wangu, aone yule aliye kwenye bao. "Mama, hapo vipi?" nesi aliuliza. Hapakuwa na jibu. "Mama? Panauma?" Nesi akamtikisa bega. Mama akafumbua macho, akatazama dari kama mtu asiyejua yuko wapi, kisha akaniona, akayafumba tena haraka.

"Huyu amelala," nesi alisema, na hakuwa amefurahi. Alinieleza kwa utaratibu, nakumbuka hata kidole chake kinavyogonga chuma cha kitanda, kwamba mgonjwa aliyelala hawezi kusema anapoumia, na mkandaji asiyemwuliza mgonjwa ndiye huyo anayewaumiza wazazi, na ndiyo sababu ya amri yote. Kwa upande wake alikuwa na haki. Akaja Raya. Bi Mize alipanda kitandani na sauti yake ikamrudia. "Hapo vipi, Bibi?" Raya alimwuliza mama yake mzazi kila alipoweka kiganja, na Bi Mize akajibu kama anayeitia watu wa ng'ambo. "Hapo pazuri! Hapo panauma kidogo, ah, sasa pamepoa! Shuka chini!" Hata daktari alicheka nyuma ya pazia. Leseni ya Madungu akapewa Raya, akatia dole gumba mbele yetu.

Tulirudi kwa miguu. Bi Mize na Raya walikuwa mbele, Bi Mize anasimulia mambo ambayo sote tuliyaona, na mama alikuwa nami nyuma. Nilikuwa nikingoja neno. Tulipofika karibu na kwetu alisema, bila ya kunigeukia, "Mkono wako wa kushoto mzito. Uzuie." Basi. Nilihisi nimepigwa. Nilikuwa nimekwisha kujitia moyo kuwa nimeshindwa kwa sababu mama kalala mikononi mwangu, na huo ni ushindi mkubwa kuliko karatasi, na sasa nikajua si kweli. Aliyelala hajui mkono upi mzito. Kumbe alifumba macho tu! Alijua nesi atachukia mgonjwa asiyejibu, akajinyamazia ili Raya apate. Alikubali kukandwa na mwanawe, akavunja haya zake zote, ili mwari wake apewe leseni. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya baina ya hospitali na mlango wetu, na nimeishi nayo mpaka nimekuwa mkongwe.

Nilikubali posa ya kwanza iliyokuja, nikaolewa Wawi. Nilikanda huko, usidhani niliacha. Amri ilikataza ujira, haikukataza mtu kumletea jirani yake ndizi au kuku, na baadaye amri yenyewe ilisahauliwa na waliokuja wakatawala. Watu walinisifu. Lakini nyumba za mama zilimwita Raya, na majumba ya Waarabu ya Wawi, yaliyo karibu na mlango wangu kuliko wake, yalimwita Raya. Alipita mbele ya baraza yangu na mfuko wake, akanipungia mkono, nami nikamwitikia kwa jino la nje. Na mama alipougua ugonjwa wa mwisho, mila ilikuwa imerudi mahali pake kana kwamba siku ile ya hospitali haikuwako. Raya aliingia akafunga mlango. Mimi nilichemsha maji, nikayaleta mpaka kizingitini, nikayaweka chini. Nikaisikia harufu ya karafuu, na mama akisema, "Ahsante, mama'ngu." Nilikaa kwenye kile chumba cha nje, mtu mzima mwenye watoto, nikalia kwa wivu kabla sijalia kwa msiba.

Basi mwezi wa Rajabu uliopita Raya akaniita. Miguu ilikuwa imemvimba, hakuwa akishuka kitandani, na alisema hataki mkono wa watoto wa siku hizi. Nikaja na mafuta yangu. Mjukuu wake alituletea uji wa pilipili manga, akatuacha. Raya alikuwa amelala chali chini ya karatasi yake, nami nilikaa kiunoni pake nikaanza. Tulizungumza habari za watu waliokufa, ambao sasa ni wengi kuliko waliobaki. Kisha akasema, "Riziki, n'na neno n'kwambie. Lakini usinibane."

"Sema."

"Siku ile ya hospitali, Bi Time alilala."

"Alifumba macho," nilimwambia. "Najua."

"Alilala. Mie n'likuwa kwenye bao, miguu yake i mbele ya macho yangu kama ulivyo weye. Ulipoingia kiunoni vidole vikaanguka. Huku na huku. Nesi alivyouliza vilikuwa vimeanguka zamani."

"Mbona alinambia mkono wangu wa kushoto mzito? Aliyelala atajuaje?"

"Mabegani alikuwa macho, weye! Mabegani alikuwa akimjibu nesi, hukumbuki? Mkono wako wa kushoto mzito mpaka leo, hebu uzuie." Akavuta pumzi. "Alikufunda. Njiani pale, alikufunda. Mie n'lisikia, n'kajua leo kakuchukua weye mwari wake."

"Na miaka yote hino, Raya, hukunambia?"

"N'kwambie kwa n'ni?" Alipandisha sauti, na nikaisikia ya Bi Mize ndani yake. "N'likuwa na karatasi, weye ukawa na usingizi wake. N'limkanda Bi Time toka usichana wangu mpaka roho ilipomtoka, na hata siku moja, Riziki, hata siku moja hakunilalia. Akinambia ahsante mama'ngu, mama'ngu, na vidole vimesimama vivyo hivyo. Yule wangu mzazi naye siku hiyo moja n'liyompata kazi yake kupiga kelele. N'kuletee habari hiyo kwa miguu yangu mwenyewe? Hasha. N'liona wivu. N'ngali naona."

Ghadhabu ilinishika. Miaka yangu yote! Kizingiti, beseni, harufu ile. Nikambana paja, akapiga ukelele, "Kushoto, Riziki, mkono wa kushoto!" na nikajikuta nacheka, naye akacheka, machozi yanatutoka wazee wawili, mpaka mjukuu akachungulia kuuliza kuna nini. Tukamwambia hakuna kitu. Alipoondoka Raya akanitazama kwa jicho la pembeni, lile lile la mwizi wa shavu la samaki. "Haya," alisema, "na mie nikulalie, tulipane." Akafumba macho, akaanza kukoroma, koromo kubwa la kusikiwa mpaka barazani.

Nikatazama mwisho wa kitanda. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimesimama.

"Koroma utakavyo," nikamwambia. "Naviona."

Hakufumbua macho, akazidi kukoroma. Nikamimina mafuta mengine, nikauzuia mkono wa kushoto, nikapitisha viganja chini ya kiuno chake, nikaanza upya.